Gari limefungwa vifaa, sasa halikai sailensi: anzia ulipogusa

Forester yangu ya turbo ilianza kuzima wiki ileile niliyoifunga blowofu, ile vali inayomwaga hewa ya turbo ukiachia mafuta. Natoka kasi ya 60 kuelekea taa za Morocco, naachia mafuta, nakanyaga klachi. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) uliozoea kutua kwenye 700, yaani sailensi, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, unaporomoka mpaka 400, unapapatika mara mbili tatu, kisha dashibodi inawaka taa zote na injini kimya. Nyuma daladala anapiga honi. Nikizungusha ufunguo linawaka palepale, kama vile hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Tukabadilisha. Wa pili akasema plagi na koili. Tukabadilisha. Wa tatu akanigusa bega: "Bosi, Subaru ndivyo zilivyo." Mwezi ukaisha, na pesa iliyokwenda mke wangu haijui mpaka leo. Jumamosi moja nikaing'oa blowofu mwenyewe, bolti mbili na gasketi moja, nikairudisha vali ya kiwandani iliyokuwa kwenye boksi uvunguni mwa kitanda. Halijazima tena.

Maelekezo mengi ya gari linalomisi, yaani silinda haziwaki sawasawa, yanahusu gari lililobaki vilevile kama lilivyoshuka bandarini. Gari lililofungwa koni (chujio la hewa la wazi), nozeli kubwa za kupulizia petroli, ekzosi iliyonyooka au injini ya kupandikiza lina kesi nyingine: mshukiwa wa kwanza ni mkono uliolifungua, wako au wa aliyekuuzia.

Kalamu kwanza, spana baadaye

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika kila kilichobadilishwa na lini, hata vile unavyoona havina maana: betri, chupa ya kukamata oili ya mvuke wa injini, redio yenye ampu. Kulia andika ni wakati gani hasa gari linasumbua. "Linazima zima" haitoshi. Tofautisha hivi:

- Linazima ukiachia mafuta ghafla, lakini likisimama muda mrefu linatulia: blowofu, sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), throto (mlango wa hewa ya injini) chafu au flaiwili nyepesi.
- Linatetemeka muda wote likiwa limesimama, ila ukilipandisha RPM 2,500 linalainika: linanyonya hewa mahali, au nozeli kubwa hazijatuniwa, yaani kompyuta ya gari haijawekewa hesabu zake.
- Linazima likishapata moto, ukisubiri nusu saa linawaka: sensa ya krenkshafti au relei ya pampu. Likigoma kuwaka, angalia mshale wa RPM wakati stata inazungusha. Kwenye magari mengi, ukilala sifuri bila kutikisika, sensa ya krenkshafti ndiyo ya kushuku.
- Linaporomoka ukiwasha AC, taa au feni: umeme, au vali ya sailensi.
- Linamisi kwa mdundo uleule, baridi na moto: silinda moja haifanyi kazi.

Wenye Subaru, tahadhari. Ule mngurumo wa "dugudugu" si kumisi. Unatokana na mabomba ya manifoldi ya ekzosi yenye urefu usiolingana, na ukifunga ekzosi iliyonyooka unasikika mara tatu zaidi. Nimeona mtu akinunua koili nne kwa sababu ya sauti ambayo gari lilitoka nayo Japani.

Ukimaliza orodha, kama kuna kifaa kinachorudishika kwa dakika 20 na dalili zilianza kilipofungwa, kirudishe cha kiwandani leo hii uendeshe siku mbili. Kimoja tu. Ukirudisha vitatu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokuwa mchawi.

Liulize gari lenyewe

Kimashine cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari) cha bei ndogo chenye programu ya simu kinatosha. Kitakupa kodi, yaani namba za hitilafu: P0301 hadi P0304 zinataja silinda inayomisi. P0300 ni kumisi ovyo, na hapo fikiria hewa au mafuta kabla ya koili. P0171 ina maana mafuta ni machache kulinganisha na hewa, P0172 mafuta yamezidi, P0505 ni mfumo wa sailensi. P0420 baada ya kung'oa katalitiki (kisafisha moshi cha ekzosi) usiihangaikie kwa suala hili. Haihusiani na sailensi.

Toyota za miaka ya 90 huenda zisiongee na kimashine hicho. Zenye boksi la uchunguzi chini ya boneti, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha, hesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, ni tundu la 4 na la 13. Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kituo, hakuna kodi.

Lakini kodi si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni zile asilimia za masahihisho ya mafuta, zinazoandikwa STFT (ya sasa hivi) na LTFT (ya muda mrefu). Zinaonyesha kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani ili kufidia. Jumlisha zote mbili injini ikiwa ya moto. Kati ya -10 na +10, hakuna tatizo. Ikiwa ni +20 kwenye sailensi na inashuka kuelekea sifuri ukifika RPM 2,500, gari linanyonya hewa: tundu lilelile dogo ni kubwa kwa injini inayovuta hewa kidogo, na halionekani kwa injini inayovuta hewa nyingi. Ikiwa ni kinyume, yaani sailensi ni nzuri lakini namba inapanda kadiri unavyokanyaga, angalia pampu, chujio la mafuta, au MAF chafu inayosoma hewa pungufu.

Kanuni hiyo ni ya magari yenye MAF: Subaru za injini ya EJ205, Nissan za injini ya SR20DET na RB25DET. 1JZ-GTE ya Toyota haina MAF. Inakisia hewa kwa kupima presha ndani ya manifoldi, kwa hiyo tundu la hewa haliikaushi mafuta kwa namna ileile. Linapandisha sailensi, au linaifanya ipande na kushuka kama mtu anayehema. Mwenye Mark II ya 1JZ akikwambia blowofu ya kumwaga nje haijamsumbua hata siku moja, anasema kweli, na ushauri wake haukuhusu wewe mwenye Subaru.

Hewa ya wizi

Hapa ndipo magari mengi yaliyofungwa vifaa yanapokamatwa. Kila ulipochomeka mpira wa geji ya busti (presha ya turbo), blowofu au chupa ya oili, umetoboa mfumo uliokuwa umefungwa.

Anza kwa macho na vidole. Pindapinda kila mpira mwembamba wa vakyumu. Ulioiva unapasuka mwishoni, pale unaposhikwa na klipu, na ukiuangalia tu huoni. Fuatilia mipira ya chupa ya kukamata oili. Kosa la kawaida ni kuiacha chupa ipumulie nje huku upande wa manifoldi haujazibwa, au umezibwa kwa skrubu na tepu. Kwenye Subaru ya turbo, ingiza mkono chini ya manifoldi ulipapase bomba la raba linaloingia kwenye turbo. Limejificha, linakaa kwenye joto, linapasuka kwa chini, na liko baada ya MAF, kwa hiyo kila hewa inayopita hapo haijapimwa.

Kisha jaribu kwa presha. Zima gari, lipoe. Toa koni, ziba mdomo wa bomba kwa kifuniko cha PVC ulichokifunga pini ya kujazia upepo, jaza kwa kompresa mpaka psi 10. Usizidishe, maana presha inaingia pia kwenye krenkkesi na inaweza kutoa sili. Nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo. Penye mapovu ndipo penye mgonjwa. Hewa itakayosikika ikitoka ndani ya injini, kwenye kijiti cha oili kwa mfano, ni ya kawaida ikiwa kidogo.

Wapo wanaonyunyiza dawa ya kusafishia kabureta injini ikiwa inawaka na kusikiliza kama RPM inabadilika. Inafanya kazi. Pia inawaka moto, na turbo ikiwa nyekundu pembeni yake sitamshauri mtu. Ukitaka kupima injini ikiwa inawaka, tumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia, mbali na koili na altaneta.

Geji ya vakyumu ni kifaa cha bei rahisi chenye akili kuliko mafundi wengi, ila lazima ujue uko wapi. Usawa wa bahari injini nzima ya kawaida inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Kila mita 300 unazopanda unapoteza takribani inchi moja. Inchi 14 Dar au Mombasa ni tatizo. Inchi hizohizo 14 Mbeya, mita 1,700 juu, au Nairobi iliyo karibu mita 1,800, ni injini yenye afya. Nimesikia jamaa wa Arusha alifungua manifoldi nzima akitafuta tundu ambalo lilikuwa ni mlima.

Mshale ukitulia chini kuliko unavyotakiwa, ni hewa ya wizi au taimingi. Ukidondoka ghafla kwa mpigo unaojirudia, kuna silinda inayomisi au vali isiyofunga.

Blowofu na MAF, kwa kirefu kidogo

Kontroli boksi ni karani wa stoo. Hewa ikipita mbele ya MAF anaiandika, kisha anatoa mafuta ya kulingana nayo. Ukiachia mafuta, throto inafunga na hewa iliyokuwa njiani inakosa pa kwenda. Vali ya kiwandani inairudisha kwenye bomba, baada ya MAF, hesabu inabaki sawa. Blowofu ya kumwaga nje inaitoa kwa mlango wa uani, karani hana habari. Anaendelea kutoa mafuta ya hewa ambayo iko barabarani ikisema "pshhh". Injini inazama kwenye petroli wakati ileile RPM inashuka kutafuta sailensi. Inazima.

Kosa la pili linajificha zaidi. Springi ikiwa laini, uvutaji wa manifoldi unaifungua blowofu hata gari likiwa limesimama, nayo inanyonya hewa isiyopimwa. Weka kipande cha karatasi kwenye mdomo wake injini ikiwa sailensi. Kikinaswa, kaza springi au badilisha. Dawa halisi ni kuirudisha hewa kwenye bomba, au kwenda kwa mtuni ahamishie gari kwenye kusoma presha badala ya MAF. Kukaza springi mpaka mwisho ili gari lisizime ni kuihamishia turbo mzigo.

Koni nayo ina ujanja wake. Bomba lake likiwa pana kuliko la kiwandani pale MAF inapokaa, hewa inapita taratibu mbele ya sensa, karani anaandika pungufu, mafuta yanapungua. Ukiipaka koni oili kwa wingi baada ya kuiosha, oili inaenda kugandia kwenye waya wa MAF. Isafishe kwa dawa ya MAF tu, usiguse waya kwa kitambaa wala pamba. Jaribio la haraka: zima, chomoa soketi ya MAF, washa. Magari mengi yatakwenda kwa makadirio. Sailensi ikiwa nzuri kuliko soketi ilipochomekwa, umeshampata wa kumhoji.

Moto

Chomoa soketi ya nozeli moja moja injini ikiwa sailensi. Ni bora kuliko kuchomoa koili, maana petroli isiyoungua haitiririki kwenye ekzosi na hupigwi shoti. Kila ukichomoa, RPM lazima ishuke. Silinda ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokufa. Hamishia koili yake kwenye silinda nyingine; tatizo likihama nayo, nunua koili moja, si nne.

Plagi za turbo iliyopandishwa busti zinatakiwa mwanya mdogo, wengi wanaweka milimita 0.6 hadi 0.7. Mwanya mpana unazimwa na presha. Angalia pia namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Mtu anafunga ya baridi sana kwa sababu ndiyo ya mashindano, halafu anashinda kwenye foleni ya Tazara. Plagi haipati joto la kujisafisha, inajaa masizi meusi, gari linamisi. Jumapili barabara ikiwa nyeupe linajiponya, Jumatatu linarudia.

Petroli na nozeli

Kwanza chomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta ya mafuta. Ukinusa petroli au ukikuta umelowa ndani, diaframu imepasuka na injini inanyweshwa mafuta kwa mlango wa pembeni. Kama una geji ya presha ya petroli, EJ205 inatakiwa kuwa karibu psi 43 mpira ukiwa umechomolewa, na ishuke ukiurudisha.

Nozeli kubwa zinahitaji maelezo, kwa sababu zinawachanganya wengi: "Mbona juu linakwenda vizuri, chini ndio linatetemeka?" Kontroli boksi ikituma amri, nozeli haifunguki papo hapo. Inachelewa kama milisekunde moja, na ucheleweshaji huo unakua volti zikipungua. Ukiwa unakimbia, nozeli inafunguliwa milisekunde nyingi na hiyo moja haisikiki. Kwenye sailensi nozeli nzima inafunguliwa milisekunde mbili au tatu tu. Ukikosea hesabu ya hiyo moja, umekosea theluthi hadi nusu ya muda huo. Ndiyo maana gari lenye nozeli kubwa linakuwa zuri mchana na baya usiku ukiwasha taa, AC na ampu ya redio: volti zimeshuka, nozeli zimechelewa zaidi, na jedwali la kiwandani halizijui nozeli hizo. Hakuna spea itakayotibu hili. Ni kazi ya kompyuta, na mtuni atakuuliza ukubwa wa nozeli na namba iliyoandikwa ubavuni. Iandike kabla hujazifunga.

Umeme na ethi

Injini ya kupandikiza, usiiache hatua hii. Pima betri injini ikiwa inawaka: kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, washa taa na AC. Ikizidi volti 0.2, waya wa ethi (wa hasi kwenda kwenye injini) haujafungwa vizuri, au umefungwa juu ya rangi. Kwangua, kaza, pima tena. Nimeona injini iliyopandikizwa kwa wiki tatu ikihangaisha gereji nzima kwa sababu ya bolti moja juu ya rangi ya buluu.

Throto

Ifungue, isafishe masizi ukingoni na kwenye njia ya vali ya sailensi. Kama ni ya umeme, usilisukume bamba lake kwa kidole swichi ikiwa ON. Ukitoa betri, kontroli boksi inasahau; ukisafisha, ilichokariri hakifai tena. Kwenye magari mengi, washa, liache sailensi dakika 10 bila AC, kisha 10 nyingine na AC. Wengi wanalirudisha gari gereji siku hiyohiyo kumbe lilikuwa linajifunza. Usitibu kwa kukaza ile skrubu ya throto ili RPM ipande. Unaficha ugonjwa na kuivuruga sensa ya throto.

Ekzosi, kwa kifupi: kiungo kinachovuja kabla ya sensa ya oksijeni kinavuta hewa ya nje, sensa inadhani mafuta ni machache, kontroli boksi inaongeza mafuta. Tafuta masizi meusi kwenye viungo.

Ukifika hapa bila jibu

Pima kompresheni, throto ikiwa wazi kabisa na moto wa plagi umekatwa. Namba zenyewe si muhimu kama kulingana kwake. Silinda ikipungua zaidi ya asilimia 15 kuliko wenzake, mwagia kijiko kimoja cha oili tunduni, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, vali au gasketi ya silinda hedi. Kwa injini ya Subaru iliyolala, oili haisambai vizuri kwenye silinda, kwa hiyo jaribio hilo usiliamini sana. Tumia kipimo cha kuvujisha hewa.

Na kuna magari ambayo hayaumwi. Kemshafti za mashindano zinaacha vali za kuingiza na kutoa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, sailensi inayumba, vakyumu inashuka. Ndivyo zilivyo, hiyo moja nampa haki yule fundi wa tatu. Flaiwili nyepesi nayo inadondosha RPM haraka kuliko vali ya sailensi inavyoweza kuikamata. Kwa zote mbili mwambie mtuni apandishe sailensi hadi 900 au 1,000, na umpelekee ile karatasi yenye mstari katikati, pamoja na asilimia za mafuta ulizoandika kwenye sailensi na kwenye 2,500. Akikupa bei kabla ya kuisoma, rudi nayo nyumbani.